Kijani Ulichokataa Kukitazama

Baba Kadzo,

Sikusalimu, maana salamu zangu ulizikataa zamani. Nina jambo la kukwambia, nami leo nitalisema lote.

Unaikumbuka mvua ya mwaka wa themanini na mbili, Kadzo wetu akinyonya bado? Kifua kilimbana hata mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilisema twende hospitali. Wewe uliniketisha uani pale Kaloleni, mbele ya mamako na ndugu zako, ukaniuliza, "Ulilala na nani?" Eti mtoto ana chirwa, maradhi ya mtoto ambaye mamake ametoka nje ya ndoa. Niliapa. Mamako akasema, "Asimnyonyeshe tena mpaka aseme." Mtoto analia njaa, maziwa yananichirizika kifuani, na wewe umekaa kitako unangoja jina la mwanamume asiyekuwako!

Nilimnyakua mtoto nikashuka naye hospitali ya Kilifi. Ulinifuata, si kwa huruma, bali unisikie nikikiri kwa daktari. Uliwaona wakimtia mrija mwembamba puani na kuvuta makamasi. Bwana wa maabara alitueleza vizuri: makamasi hupakwa kwenye kioo, hutiwa dawa inayong'ang'ania kirusi wanachokitafuta, kisha hutazamwa gizani kwa darubini yenye taa yake maalumu. Kirusi kikiwamo, chembe hung'aa kijani. Kesho yake akatuita. Niliinama nikatazama. Kijani tele, baba Kadzo. "Ni virusi vya kifua," akasema. "Huambukizwa kwa kukohoa na kwa mikono. Wazazi hamna kosa. Njoo nawe baba, utazame."

Ulisimama mlangoni. "Mashine haijui mambo ya nyumbani kwangu," ukasema, ukaenda zako. Kadzo alipona kwa hewa ya mtungi. Niliporudi Kaloleni nilikuta nguo zangu nje.

Hasira yangu haijapoa, wala siipoozi. Nimeishi kwetu Rabai nikiitwa malaya. Mwaka huu Kadzo ameanza shule, na tayari wenzake wamemwuliza babake hasa ni nani. Ungeinama tu! Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua.

Juzi dadako alikuja. Amenambia mtoto wa mkeo mpya naye alibanwa kifua, nawe ulimkimbiza hospitali siku ile ile, ukawasihi wampime makamasi. Mkeo hukumketisha uani. Hukumuuliza jina la mtu. Nafurahi kwamba mtoto amepona, yeye hana kosa. Lakini kumbe ulijua! Miaka yote hii ulijua, ukaniacha niliwe nyama na midomo ya watu.

Dadako anasema unataka nikusamehe, yaishe kimyakimya baina yetu. Hukunituhumu kimyakimya. Waite mamako na ndugu zako wote, useme kwa sauti ile ile kwamba sikulala na mtu. Usiposema, nitakuja kusema mwenyewe, na Kadzo nimemshika mkono.

Sina zaidi.

Mama Kadzo, niliyekuwa mkeo