Aliyemzika Kaka Yangu Chacha

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Sisi hapa Tarime tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeuliza habari za kaka yangu Chacha. Barua ya jeshi ilisema amepotea vitani Uganda, basi. Mama akakataa kabisa kuweka matanga. Mimi, binti wa miaka kumi na saba, nikaenda kwa miguu hadi Kenyamonta kwa askari mwenzake.

"Ndege iliangusha bomu," akaniambia. "Nilimzika mwenyewe."

Nikamsihi aje amwambie mama. Akaja. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Umenizikia mwanangu," ndipo akalia.

Kwa hiyo usiishie kwenye makaratasi, Bhoke. Wenzake wengine bado wako hai. Waendee, uwaulize.

Bibi yako,
Robi