Mwaka Ngurumo Ilipochelewa

Juodlaukiai,
14 Julai

Dada yangu mpendwa Jovita,

Pokea salamu nyingi kutoka huku shambani kwa Bibi. Goti lako linaendeleaje tangu ile sindano? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Watoto wote wawili nawabusu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Tautvydas ameungua shingo kwa jua na kofia hataki kuvaa, mbuzi wanatoa maziwa, nyuki wametulia. Hayo ni ya mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Naandika kwa sababu kwenye simu sisemi kweli. Jumapili uliniuliza viazi vimechanua, nikakujibu ndiyo. Ukauliza mbona sauti yangu iko hivyo, nikasema mafua. Sina mafua, Dada. Nina hasira, na ninayo tangu mwezi wa tano. Nikikueleza kwa simu utanikatiza, nami nitageuza maneno. Basi weka chai, kaa chini, usome mpaka mwisho kabla hujanipigia kelele.

Hujasahau tulichokubaliana siku tuliyomzika Bibi Barbora. Tulikaa kwenye meza yake, mkate wake mweusi wa mwisho uko katikati, na yule mfanyabiashara wa mbao alikuwa ameshaulizia msitu kabla hata hatujavua viatu vya makaburini. Ulisema unanipa miaka mitatu. Ulisema nilime kwa njia ya Bibi na niishi kwa njia ya Bibi, si kwa kuigiza, na ghala la chini likijaa kufikia siku ya wafu ya mwaka wa tatu, nyumba ni yangu. Lisipojaa tunauza, na machozi hutaki kuyasikia. Tukaushika ule mkate sote wawili kuwa kiapo, tukala. Mwaka wa kwanza konokono walikula kila kitu hadi nikawa nawaota. Mwaka wa pili mvua iliozesha viazi ardhini. Huu ndio wa tatu.

Sheria za nyumba yetu unazijua. Kabla ya ngurumo ya kwanza ya mwaka, chuma hakigusi ardhi. Ardhi imelala na ina mimba, na wa kuiamsha ni Perkūnas, mungu wa ngurumo, si mimi na jembe langu. Basi majembe yote yalikaa yamefungwa gunia kama alivyokuwa akiyafunga Bibi. Korongo walirudi, wakajenga upya kiota juu ya nguzo. Theluji iliisha, udongo ukapata joto, ukiuweka mkononi unasikia kabisa kwamba uko tayari. Ngurumo hakuna.

Aprili ikaisha. Mawingu yalikuja kila siku ya pili, meusi, mazito, yakapita juu yetu kimya kama wageni waliokosea nyumba. Mama Petronėlė wa ng'ambo ya uzio alikuwa ameshapanda viazi, vitunguu na bitiruti, na kila akitoka kanisani lazima apite kwangu. Alikuwa anaegemea uzio na kile kitambaa chake cha maua, anatazama shamba langu tupu, anatikisa kichwa. Siku moja aliniambia, "We Indrė, mungu wako bado kalala? Wangu yuko macho tangu Pasaka. Nikuazime?" Nikamwambia amwambie wake apige kelele kidogo amwamshe wangu. Alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikaingia ndani nikalia kwa hasira.

Usidhani tatizo lilikuwa Mama Petronėlė. Tatizo lilikuwa mume wangu. Tautvydas amezaliwa ghorofa ya tano, ardhi aliyoijua utotoni ni ya kwenye kopo la ua, lakini tangu Bibi alipomfundisha mambo ya kale amekuwa mkali kuliko Bibi mwenyewe. Katikati ya Mei miche ya kabichi dirishani ilikuwa imegeuka njano, na viazi vya mbegu vimetoa machipukizi marefu kama vidole vya mchawi. Nikamwambia tufungue gunia tuchimbe. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaonitia wazimu, kama naweza kumchoma mama mjamzito tumboni kwa sepetu eti kwa sababu nina haraka. Nikamwambia huyu mama miezi tisa imeshapita, sasa amelala tu kwa uvivu. Siku mbili hakunisemesha.

Nikafanya yote yanayofanywa. Nilipeleka mkate na bia penye mwaloni, mti wake. Nilizunguka shamba miguu mitupu mara tatu. Mwishowe nilisimama katikati ya shamba mchana kweupe nikamtukana Perkūnas, Dada, nikamwita mzembe na mzee wa bure. Na kilichonikera zaidi ni kwamba nisingeweza hata kumlaumu mtu. Zile familia tano zinazokuja kwetu kuwasha moto wa sikukuu, mimi ndiye niliyezifundisha kungoja. Nao walikuwa wanangoja, miche yao inakufa madirishani, wananipigia simu kuniuliza kama huku nimesikia chochote.

Tarehe ishirini na nne Mei tulikuwa tunakula chakula cha mchana, ile supu baridi ya bitiruti yenye majani mengi ya shibiti unayoipenda. Mbingu zilikuwa za kijivu tu, wala si nzito. Nikainuka kuongeza shibiti kutoka kwenye chungu cha dirishani. Ndipo ngurumo ikalia. Ndefu, ya kutetemeka, kisha vishindo vitatu vizito.

Tautvydas alitupa kijiko. Alitoka mbio bila viatu, akapiga magoti kwenye matuta, akaibusu ardhi, kisha akabingirika mgongoni kama tulivyobingirishwa sisi na Bibi ili mgongo usiume wakati wa mavuno. Mwanamume mzima, Dada, analia na kucheka, udongo mpaka masikioni, ananiita, "Indrė! Njoo! Umesikia? Kaamka!" Nikatoka. Nikapiga magoti, nikabusu ardhi, nikabingirika kando yake. Akanishika mkono akaniomba msamaha kwa zile siku mbili za kununa. Jioni hiyo hiyo alipigia familia zote tano simu. Tulipanda siku tatu mfululizo, nao kwao wakapanda.

Sasa nakuambia nilichokiona dirishani.

Kutoka pale penye chungu cha shibiti unaona moja kwa moja kwenye mlango wa banda la Mama Petronėlė, na siku hiyo ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama ndani, kitambaa kimemwanguka shingoni, ameshika bati kubwa kwa mikono miwili, analitikisa kwa nguvu zake zote. Kisha akaliegemeza ukutani, akachukua mchi wa kuponda kabichi, akalipiga mara tatu. Alikuwa anahema. Mguu wake ule mbovu ameukunja kama kuku. Nilimwona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii, na shibiti iko mkononi. Kisha nikatoka nje nikabingirika.

Sikudanganywa, Jovita. Nilijua. Nilibingirika huku najua, nikapanda huku najua, nikaacha familia tano zipande kwa ngurumo ya bati. Tautvydas kila asubuhi anamwaga maziwa kidogo mlangoni kumshukuru Perkūnas, na mimi nasimama nyuma yake na kikombe kama mwizi aliyealikwa harusini.

Na hasira yangu iko hapa: vimeota vyote. Viazi vinachanua vyeupe na zambarau shamba zima, kabichi zimejaa mikono miwili, maharage yamepanda nguzo mpaka juu. Kwa familia tano hali ni hiyo hiyo. Ngurumo ya kweli ilikuja tarehe kumi na moja Juni, ikatikisa vioo, Tautvydas akasema Perkūnas amerudi kukagua kazi. Ningepata shamba bovu ningejua la kusema, ningesema nimeadhibiwa, nikakubali. Lakini hili zuri nifanye nalo nini? Siwezi kuomba tena. Nikifungua mdomo penye mwaloni nasikia bati.

Jumapili baada ya kupanda, Mama Petronėlė alikuja na bakuli la mayai. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa kichafu. Akauliza, macho makavu kabisa, kama yule mzee wangu ameamka. Nikasema ameamka. Akasema, "Mungu ashukuriwe, ilikuwa aibu kulitazama shamba lile." Nikamfungua kidole, nikaosha kidonda, nikakifunga upya kwa kitambaa safi, na nilipomuuliza kilichomkata alisema kopo la samaki. Mkato wenyewe ulikuwa mrefu kama kidole kizima. Nikamwambia awe mwangalifu na makopo.

Nilikuwa nimeamua kwamba nitakuandikia hayo tu, nikuambie mkataba wetu nimeuvunja kwa sababu njia ya Bibi sikuifuata, nikuachie uamuzi. Lakini Jumatano iliyopita nilikwenda kurudisha bakuli. Mama Petronėlė alikuwa kwenye nyanya zake, akanipigia kelele niliweke bandani. Nikaingia. Lile bati linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Limetobolewa pembe mbili na kutiwa vishikio, na vishikio vyenyewe ni mshipi wa kusuka uliokatwa vipande viwili. Mwekundu na kijani, umefifia, mistari ya meno kama ya msumeno. Nikahesabu meno. Saba, halafu moja limerukwa, halafu saba. Ila mkono wa Bibi, hakuna mwingine katika kijiji hiki uliosuka kosa hilo, na wewe unao mshipi wake wenye kosa hilo hilo, ulifungwa nao siku ya harusi yako.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Dada. Mama Petronėlė akaja mlangoni na nyanya zake. Aliniona nimekaa, akaona nilichokuwa natazama. Akavuta kamasi, akasema, "Yeye mwenyewe alilileta. Mwaka wa ukame. Akasema, Petronėlė, wewe si wa mungu wangu, kwako si dhambi. Ukiona nimeshindwa, piga." Nikamuuliza alipiga mara ngapi. Akasema hakuwa anahesabu. Kisha akaniambia nitoke nimpishe, nyanya ni nzito.

Wewe ndiye mkubwa, unakumbuka zaidi yangu. Ile masika ulipokuwa na miaka tisa hivi, mbingu buluu kabisa, hata wingu la ukubwa wa leso hakuna. Ngurumo ikalia, Bibi akatusukuma chini, na wewe ukaketi katikati ya matuta ukauliza mbona hakuna wingu. Bibi alikuambia ubingirike na ufunge mdomo. Kisha naye akabingirika, na alikuwa anacheka mpaka machozi. Miaka yote hii nilidhani anacheka kwa furaha ya Perkūnas.

Basi nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia Perkūnas kwa kuchelewa, Bibi kwa kunifundisha sheria na kuficha mlango wa nyuma, Mama Petronėlė kwa huruma yake, Tautvydas kwa imani yake safi ambayo sina moyo wa kuigusa. Yeye bado sijamwambia. Sijui kama Bibi aliniachia niamue mwenyewe au alisahau tu. Ulisema nilime kwa njia ya Bibi. Sasa niambie wewe, nimelima kwa njia yake au sikulima? Ghala litajaa, hilo halina shaka. Ila sitaki kuichukua nyumba kwa mkate tulioushika wakati hujui hili. Njoo Septemba tuchimbe viazi, uone bati kwa macho yako, kisha uamue. Ukisema tunauza, tutauza, na machozi hutayasikia.

Msalimie sana shemeji, na umwambie alale ubavu. Watoto waje na viatu vya matope. Mama Petronėlė anakusalimu na anauliza kama huko mjini bado unasali, nami nimemwambia akuulize mwenyewe.

Vile vishikio vimechakaa, kimoja kimebaki nyuzi tatu, ndiyo maana bati lilimkata. Nimetoa kitanda cha kusukia cha Bibi darini na nimeanza mshipi mwingine, mwekundu na kijani. Nimefika jino la saba, na hili linalofuata nimeliruka.

Mdogo wako,
Indrė