Kaburi Nyuma ya Nyumba Yetu ya Zamani

Kasulu,
Jumapili jioni

Kwako Baba yangu, Mzee William,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo, na kwamba lile goti limepata nafuu kwa kuwa mvua zimepungua huko Kibondo. Sisi huku hatujambo. Maharage yamekubali mwaka huu na watoto wanakwenda shule. Nimempa Josephina, anayesafiri kuja huko, akuletee barua hii mkononi, kwa sababu simu ungeikata kabla sijafika katikati. Tunafahamiana, Baba.

Najua unachongoja ni habari za mkutano wa mtaa. Ulifanyika Alhamisi, uwanja wa shule, na watu walijaa kuliko siku za kampeni. Lile shirika uliloliuzia nyumba yetu ya zamani bado linataka kuifanya nyumba ya mpito, ya vijana wanaomaliza adhabu zao shule ya maadilisho, wakae hapo miezi michache wakijifunza kazi kabla ya kurudi makwao. Lakini kwenye ramani ya mji kiwanja kile ni cha makazi. Lazima matumizi yake yabadilishwe kwanza, na sisi majirani tuna haki ya kupinga.

Haidari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyeshikia bango. Alisema hakuweka milango ya chuma ili aletewe wezi mlango wa pili. Immakulata wa mboga akasema ana mabinti, nani atamhakikishia usalama wao. Sikumcheka, nami nina binti. Afisa mipango miji, Bi Herieth, mgeni kutoka Dodoma, akaeleza kwamba hofu peke yake haitoshi kuzuia kibali. Hapo Haidari akakumbuka kaburi.

Alisema nyuma ya nyumba, pale shirika linapotaka kujenga bweni, amezikwa Dionis mtoto wa Mzee William, na kaburi halihamishwi bila ndugu kuridhia. Wakamweleza Bi Herieth kwamba marehemu alizama Mto Malagarasi, mwili haukuonekana, ndipo tukazika mgomba badala yake kama ilivyo desturi. Naye akauliza, kwa upole kabisa, kama mgomba nao unahesabika kuwa maiti. Baba, aliuliza vibaya. Wazee walinguruma, na mmoja alimjibu kwa Kiha maneno ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa. Mwishowe alisema sawa, kama kwetu ni kaburi na yeye ataliheshimu, basi aulizwe mtu wa familia. Wewe ukiwa Kibondo, mtu wa familia ni mimi.

Ulikuwa umeniagiza niseme kwamba hatukubali, kisha niketi. Nilisimama nikiwa nayo maneno hayo mdomoni. Tangu mlipohama nikabaki kwenye nyumba ndogo ya jirani, kila Novemba nalifagia lile kaburi mbele ya watu na kupokea pole zao. Immakulata huleta maua, hajawahi kukosa. Nilimtazama yeye, nikashindwa kusema uliyoniagiza.

Baba, niliwaambia. Nilisema pale pana mgomba uliokwisha kuoza na si zaidi. Nikasema Dionis hakuzama mahali popote; alikamatwa Kigoma mjini, akiwa na wenzake ndani ya duka la watu usiku, akapelekwa shule ya maadilisho, nawe ukarudi kutoka mahakamani ukatuamuru tulie msiba. Nikasema anamaliza mwezi ujao, na kwamba yeye ni mmoja wa vijana wa kwanza wanaotarajiwa kwenye nyumba ile. Kisha nikamwambia Bi Herieth aandike kwamba familia imeridhia kaburi liondolewe.

Haidari aliuliza kama aliyefanya hayo ni Mzee William huyuhuyu tunayemjua. Immakulata alinifuata hadi nilipokuwa, nikadhani atanizaba kibao. Alisema tu kwamba alimlilia yule mtoto mpaka akaugua, akaondoka. Tangu siku hiyo maandazi ninayouza yanalala, hakuna anayenunua. Halmashauri haijatoa uamuzi, na huenda nyumba ikakataliwa. Ikikataliwa, Dionis atakuja kukaa kwangu, nimekwisha kumwambia afisa ustawi wa jamii hivyo.

Najua jina lako nimelitia doa. Sikuombi radhi leo, maana nitakuwa nakudanganya, na uongo umenichosha. Nina hasira nawe, Baba, na bado nakupenda.

Jana yule afisa ustawi alinipa simu niongee na Dionis. Sauti imekuwa nzito, nilidhani ni wewe. Kabla hata hajaniuliza habari za kwangu, aliuliza kama baba bado yu hai, maana tangu apelekwe kule hajasikia neno lako. Nilimwambia yu hai, yuko Kibondo. Kwamba sisi tulimzika, hajui. Hilo sikumwambia. Nimekuachia wewe.

Nisalimie sana Mama Mdogo na wote wanaoniulizia huko. Watoto wanakuamkia. Mungu akutunze mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mwanao,
Kezia