Sweta la Kuingilia kwa Defenda

Jumanne, 3 Juni 2025
Defenda kazaa! Watoto wa mbwa saba, mmoja kafa. Ukungu umekifunika kijiji chote cha Buger, ila mimi humu ndani ya stoo ya mahindi natoka jasho.

Kaka Silvanus kanipongeza utadhani nimezaa mimi. Kisha sheria yake ile ile: dirisha lizibwe kwa gunia, giza, na aingie mtu mmoja tu. Wasijue harufu nyingine. Eti ndivyo mbwa anavyokuwa mkali, wenye lodge wanaonunua kwake hawataki mbwa wa kuchekea kila mgeni. Na mtu mmoja ni nani? Penina, bila shaka! Sina mume, sina mtoto, sina kazi — nina nafasi.

Alhamisi, 12 Juni
NIMEPATA! Wamepiga simu kutoka kambi moja ya watalii, kule juu Ngorongoro. Kufua mashuka, kutandika vitanda vya kwenye mahema. Gari litanipitia hapa Jumatatu ya tarehe 23. Tangu nimalize kidato cha nne nasubiri mtu aniite mahali.

Silvanus hakuacha hata kula. Akasema niwaambie nitaanza watoto wakishaacha kunyonya. Nikamwambia kambi haisubiri mbwa. Akauliza, kwani nani ataingia huko, Mama? Ang'atwe Mama?

Maziwa ya Defenda hayatoshi, nawanywesha ya mbuzi kwa bomba la sindano, mmoja mmoja. Nikiondoka tu, watakufa. Anajua hivyo. Ndiyo maana hakuacha kula.

Jumapili, 15 Juni
Sijaenda kanisani tena. Watoto wamefungua macho. Kitu cha kwanza walichoona duniani ni mimi, maskini wao.

Wifi Goodness kaja kunong'ona nyuma ya stoo. Mke wa Silvanus huyo, lakini roho yake iko kwangu. Anasema: Defenda anajua nini? Anajua harufu. Basi avae yeye sweta langu la maruni, lile ninaloingia nalo kila siku. Halijafuliwa tangu wazaliwe, linanuka mkojo na maziwa hadi kuku wananikwepa.

Mama hatumwambii. Mama hana siri kwa Silvanus.

Jumamosi, 21 Juni
Imewezekana! Leo kaingia peke yake, sweta mwilini. Nimejibanza nje, sikio ukutani. Defenda kanguruma kidogo, kisha kimya. Watoto wakaanza kulilia maziwa. Goodness katoka anacheka.

Nimelia. Furaha — na wivu pia, niseme ukweli. Sweta tu! Kumbe hata sikuwa mimi.

Jumatatu, 23 Juni
Ndani ya stoo. Mlango nimeufunga mwenyewe.

Asubuhi nimeoga, nimevaa blauzi nyeupe, begi tayari. Goodness kachukua sweta msumarini, kaingia. Kisha ule ukelele! Nimekimbia, nimemkuta Defenda ameng'ang'ania mkono wake. Nikamwita jina, akaachia. Damu. Watoto wamekanyagwa, mmoja anachechemea.

Nikaokota sweta. Linanuka Omo.

Mama. Jana, mimi nikiaga majirani, Mama kalifua, akalikausha jikoni juu ya moto, akalirudisha msumarini limekunjwa. Huko juu kuna baridi, mtoto asiende kazini na sweta chafu. Goodness na mafua yake hakusikia harufu yoyote.

Silvanus kampakia kwenye pikipiki, akapigwe sindano Karatu. Kabla hajawasha akaniangalia: umeona? Nilisema mtu mmoja tu. Mkewe anavuja damu na yeye ana ka-furaha usoni! Ningekuwa na jiwe.

Gari lilikuja. Dereva kasema abiria wengine wapo mjini, atawachukua, akipita tena hapa barabarani atapiga simu mara moja tu. Nisipopokea, kuna binti mwingine anaisubiri hiyo nafasi.

Nimekaa chini na watoto. Blauzi imeshakojolewa, imemwagikiwa maziwa. Defenda ameweka kichwa pajani kwangu, amelala kabisa. Mdomo una damu ya wifi yangu.

Mama yuko nje ya mlango. Alilia kwanza, kwamba alitaka niende msafi. Sasa halii. Anataka nimweleze ile habari ya harufu, nimemweleza yote. Halafu akagonga.

— Peni. Hiyo blauzi imechafuka?

— Imechafuka, Mama.

— Vua unipe. Wewe vaa gauni langu, uende.

Nimemwambia hapana. Akagonga tena. Nimemwambia atakung'ata, Mama, umeona mkono wa Goodness! Akasema yeye amelea kumi, hawezi kushindwa na sita.

Simu inaita.

Nimeshafungua vifungo viwili.