Hatua kumi na mbili kutoka kisimani

Wundanyi, Jumatano. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Huu ni mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Likoni, pwani.



Saa tatu Mwanasiti alinipigia simu. Ni binti wa marehemu mzee aliyenipa mahali pa kujenga, kwa desturi ya kule: nyumba yangu, ardhi yake. Nyumba ilichomwa mwaka ule tulipofukuzwa sisi watu wa bara. Ardhi imebaki kwao, na sasa yeye na kaka zake wanajenga ghorofa nne.

Huwa ananipa habari. Lami imefika mlangoni. Taa za barabarani zinawaka. Maji ya bomba yapo, na zahanati mpya iko ng'ambo ya njia, inafunguliwa hata Jumapili. Nafurahi. Nakiri pia kwamba naona wivu. Vitu hivyo hivyo niliviomba serikalini kwa barua, mwaka baada ya mwaka, na mwanangu Zawadi, wa miaka sita, alinifia mikononi kwa homa tukiwa kwenye foleni ya feri, tukimkimbiza hospitali kisiwani.

Tulimzika uani. Mzee aliruhusu bila kuulizwa mara mbili, ingawa sisi ni Wakristo.

"Shikamoo, ami," alisema Mwanasiti leo, akihema. "Wallahi tingatinga limeshaingia uani. Wanataka kuchimba shimo la maji taka. Zawadi yuko wapi?"



Nilikuwa karani wa bandari, mtu wa vipimo, lakini kaburi la mwanangu nililipima kwa miguu. Msalaba ulikuwa wa mti. Uliungua pamoja na nyumba. Nilichobaki nacho ni hatua kumi na mbili kutoka kisimani, uso ukielekea msikiti.

Kisima kimezibwa kwa zege, ila kipo. Nikamsikia akihesabu.

"Kumi na mbili. Hapa pana mchanga mtupu, ami."

"Hatua zangu zilikuwa ndefu."

"Kwani mie nimesahau? Ulikuwa na miguu ya mbuni! Haya, niongeze ngapi?"

Nyuma yake msimamizi wa ujenzi, kijana wa Nairobi kwa lafudhi, akapaza sauti: "Mathe, tutakaa hapa mpaka lini? Mafuta inaisha!"

"Ebu nyamaza! Hapa pana mtoto wetu."

Niliweka fimbo chini nikajaribu kutembea sebuleni kama nilivyotembea nikiwa na miaka thelathini na tano. Magoti yalikataa. Nikakisia tu. Nikamwambia aongeze nne, wachimbe kwa jembe, taratibu.

Nilisikia jembe. Kisha likasimama.

"Makombe, ami," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Makombe ya pwani, yamepangwa mstari."

Nilikuwa nimeyaokota ufukweni nikayapanga mimi, kuzunguka kaburi.

Alisema kaka zake wako tayari kuchimba shimo upande wa pili. Lakini kaburi litabaki baina ya ghorofa na maegesho ya magari. Ama sivyo, Zawadi ahamishiwe makaburi ya Wakristo, nami nishuke kumpokea. "Njoo, ami. Nitakuwekea chumba cha chini, usipande ngazi."

Nusura nikubali. Katika fikra nilikuwa nimeshafunga begi. Lakini waliotubandikia vikaratasi milangoni, vya kututaka tuhame, wengine wangali hai mtaani humo, wazee kama mimi. Siogopi kwamba watanidhuru. Naogopa kwamba watanisalimu kwa adabu, nami nitaitikia.

Nimemwambia Mwanasiti kwamba Zawadi asihamishwe. Familia yetu imehamishwa mara moja, inatosha. Azungushiwe ukuta mfupi, na watoto wa ghorofani wasikatazwe kucheza karibu naye.

Zawadi atabaki Likoni. Mimi sitarudi.