Mafua Tu

Baba Maswali,

Chai iko kwenye chupa. Najua umekesha lindoni, lakini usilale kwanza. Mpitie Maswali kwa jirani, umpeleke zahanati akachomwe chanjo ya mafua. Kikohozi chake kimeisha, ila nesi anasema achanjwe hivyo hivyo, mafua yana aina nyingi.

Mimi nimerudi kuchukua nguo tu. Mdogo wake amelazwa. Alfajiri alikataa ziwa, na kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea. Wamemwekea mpira wa oksijeni puani. Ni haya haya uliyosema ni mafua tu.

Nikamuuliza nesi mbona huyu hakuchanjwa. Kasema hii watoto hawachomwi mpaka wafikishe miezi sita. Kabla ya hapo kinga yake ni sisi tunaombeba, tukichanjwa sisi. Na wewe ulikataa Maswali asichanjwe, eti sindano ndiyo inaleta mafua! Haileti. Mkono utamuuma, labda na joto kidogo siku moja mbili. Na wewe uchomwe, usijifanye dume.

Sikulaumu. Neno hilo nimelikata, maana nakulaumu.

Ukianza kukohoa usije wodini.

Maswali anajua kikohozi alikitoa shule yeye. Kaniuliza, "Mama, mimi ndiye nimemuumiza mtoto?" Nikajifanya natafuta soksi. Mjibu wewe njiani. Mwambie kosa si lake. Na unavyomjua, atauliza ni la nani. Usimdanganye.

Mama Maswali