Mstari wa Kuzima Pampu

Wewe, binamu yangu kanigeuka. Binamu! Yule niliyemfundisha hata kuwasha kijitaa kimoja kwenye bodi ya kielektroniki.

Leo kwenye maonyesho ya sayansi kasimama mbele ya majaji na mtambo wangu wa kumwagilia miche. "Programu nimeiandika mwenyewe, mwanzo hadi mwisho." Mwenyewe! Na mimi niko safu ya pili, ananitazama bila kupepesa macho.

Najua utasema programu niliiweka bure mtandaoni, kila mtu achukue. Sawa, achukue. Nilichoomba ni jina langu libaki tu.

Sasa sikia. Jina nililiandika hata pembeni ya mstari wa programu unaozima pampu. Yeye kwa haraka ya kulifuta, kafuta mstari mzima!

Pampu ikawaka, ikagoma kuzima. Maji mezani, maji kwenye karatasi, viatu vya jaji mkuu vimelowa chapachapa. Naye ananiita mbele za watu: "Kaka, njoo basi, naizimaje hii?"

Kaka! Sasa ndiyo nimekuwa kaka.

Nikamjibu ukumbi mzima usikie: "Muulize aliyeiandika."

Niko nje hapa. Angeniomba tu, tungesimama pale wawili.